"Petals for Armor": ni Hayley Williams peke yake au ni Paramore bila jina?

Kinubi_Kavu (mtoa mada)
Wakuu, swali moja tu. Hayley Williams, mwimbaji wa Paramore, alitoa "Petals for Armor" Mei 2020 na inaitwa albamu yake ya kwanza ya peke yake. Lakini prodyuza ni Taylor York, mpiga gitaa wa Paramore. Joey Howard aliyeshiriki utunzi ndiye anayewapigia besi kwenye ziara zao. Lebo ni ileile Atlantic. Upeke wenyewe uko wapi? Nyimbo ni nzuri, hapo sibishi, ingawa kuimba kwa kunong'ona kama anavyofanya humo hata mtu mwenye maikrofoni ya chumbani anaweza.

Besi_ya_Mtaro
Umeanza na karatasi, tumalize na karatasi. Aliyesaini Atlantic ni Hayley peke yake, tangu akiwa binti wa shule. Hilo ni sehemu ya yaliyowaondoa ndugu wawili wa bendi, Josh na Zac Farro, Desemba 2010, wakasema bendi ni bidhaa ya lebo. Jeremy Davis, mpiga besi wao, naye alipotoka mwishoni mwa 2015 ikawa kesi: alikuwa mbia au mwajiriwa? Wakapatana 2017. Kwa hiyo kwa mikataba Paramore ndiyo ilikuwa ya mtu mmoja, na hii inayoitwa ya mtu mmoja ndiyo iliyotengenezwa na wanabendi.

Fundi_Vumbi
Mimi nimekwama kwenye "hata mtu mwenye maikrofoni ya chumbani". Jaribu basi. Mdomo uwe sentimita 5 hadi 8 kutoka kwenye kondensa, ile maikrofoni inayoshika hata sauti ndogo. Kwa ukaribu huo uzito wa sauti unavimba wenyewe, kwenye masafa mazito ya Hz 100 hadi 250, maneno yanafunikwa. Hapo unakata dB (desibeli, kipimo cha nguvu ya sauti) 3 au 4, na chini ya Hz 80 unafyeka kabisa. P na B zinapasuka, kwa hiyo unageuza maikrofoni pembeni kidogo. Usirudi nyuma, maana ukaribu wenyewe ndio unaoutafuta. Sauti ndogo inataka geini kubwa, yaani kukuzwa sana, na geini haichagui: friji, feni, jogoo wa jirani, wote wanapanda. Halafu kompresa, kifaa cha kubana tofauti ya sauti kubwa na ndogo. Ukibana dB 10 kwa mkupuo mmoja, sauti inahema vibaya. Weka mbili mfululizo, ya kwanza ya haraka, ya pili ya polepole, kila moja ichukue dB 3 hadi 5. Na kila ukibana, pumzi na mate vinapanda pamoja na neno. S zikianza kuchoma unaweka di-esa ya kuzipunguza, kHz 5 hadi 8. Ukizidisha mwimbaji anatoka na kithembe. Ndiyo "hata mtu" huyo.

Kinubi_Kavu
Fundi, punguza jazba. Nimesema anaweza, sijasema ataweza vizuri. Na watu wa chumbani siku hizi wana maikrofoni ya dainamiki, haishiki friji.

Fundi_Vumbi
Inashika. Ila kwa kuwa inakulazimisha uisogelee, sauti yako inaizidi friji na wewe unadhani haisikii. Nong'ona sasa kwenye dainamiki: utahitaji geini kama dB 60, na kiunganishi cha bei rahisi, kile cha kuingiza maikrofoni kwenye kompyuta, kikifika huko kinaanza shshshsh. Hiyo shshshsh ukiibana na kompresa unaijua inakwenda wapi.

Sindano_Butu
Mnaongea nyaya tu. Albamu yenyewe ni mipasho ya talaka yake iliyovikwa gitaa. Tukiiondoa ndoa ya watu humo kinabaki nini?

Mama_Vinili
Sindano, mipasho humrushia mwenzio. Sikiliza "Dead Horse": inaanza na ujumbe wa sauti, mtu anaomba radhi kwamba amechukua siku 3 kuutuma kwa sababu alikuwa kwenye sonona. Kisha ndani ya wimbo msimuliaji anakiri kwamba yeye ndiye aliyekuwa mwanamke wa pembeni kwanza. Mpasho gani huo unaompaka tope mwimbaji mwenyewe? Na talaka si yote. "Leave It Alone" ni ya msiba, "Simmer" ni ya hasira inayochemka chinichini, na "Crystal Clear" inafunga albamu na sauti ya babu yake akiimba.

Sindano_Butu
Sijaidharau mipasho, dada, usinigombanishe na watu wa Tanga. Ila giza mnalolisifia liko sehemu ya kwanza, zile nyimbo 5 za Februari 2020. Zikifika zote 15 mwezi Mei, kuanzia "Pure Love" ni dansi na mapenzi. Giza gani linacheza disko?

Besi_ya_Mtaro
Tofauti iko hapo hapo. Kwenye "After Laughter" ya 2017 Paramore walificha huzuni chini ya muziki wa kuchangamka. Huku mpangilio unaanza na giza bila kulifunika, unapanda polepole. Ukiisikiliza kwa kuchanganya nyimbo, umejiharibia mwenyewe.

Redio_Mbao
Samahani, lakini ya kwanza ya Hayley bila bendi si "Airplanes" na rapa B.o.B? 2010 ilikuwa namba moja dunia nzima.

Mama_Vinili
Namba moja Uingereza. Marekani iliishia namba 2. Na ule ni wimbo wa B.o.B, yeye kaalikwa. Kama unataka wimbo wenye jina lake pekee, kuna "Teenagers" ya 2009, ya filamu. Mada ni albamu.

Redio_Mbao
Basi hiyo albamu haikuuza, ndiyo maana wengi hatuijui.

Mama_Vinili
Uingereza namba 4, Marekani 18, tena ziara yote ya 2020 ilifutwa kwa Korona. Wewe kutoijua si takwimu.

Besi_ya_Mtaro
Mtoa mada, upeke unaoutafuta uko kwenye albamu yake ya pili, "Flowers for Vases", Februari 2021. Ala zote kapiga mwenyewe. Ya kwanza ni upeke wa maneno: kwenye bendi mwimbaji akisema "mimi", wenzake nao wanabebeshwa.

Kinubi_Kavu
Nitarudi hapo. Kwanza Fundi anijibu: ile sauti nene ya kunong'ona si ni kunakili tu mkondo mmoja, yaani rekodi moja ya sauti, mara mbili?

Fundi_Vumbi
Nakala mbili zinazofanana kabisa hazinenepi, zinaongeza dB 6 tu. Ukichelewesha moja kwa milisekunde 20 unapata upana kwenye hedifoni, lakini spika moja ya simu ikiziunganisha, baadhi ya masafa yanafutana na sauti inakuwa ya bati. Unaimba tena upya.

Kinubi_Kavu
Kwa pumzi ileile? S ya kwanza na ya pili hazitakutana.

Fundi_Vumbi
Hazikutani, kwa hiyo ya pili unaimba bila kumalizia konsonanti. Vokali zinabaki, S na T za mwisho anazisema mkondo mkuu peke yake. Zikikuponyoka unazishusha kwa mkono, moja moja. Na mwimbaji asinong'one kweli, aimbe chini kwa sauti yenye hewa. Mnong'ono halisi hauna noti na unakausha koo mapema.

Mama_Vinili
Na zile sauti za nyuma kwenye "Roses/Lotus/Violet/Iris"? Wale ni wote watatu wa boygenius, bendi ya waimbaji wanawake watatu.

Fundi_Vumbi
Watu watatu, makoo matatu, unene unakuja wenyewe. Weka mmoja kushoto, mmoja kulia, wa tatu katikati dB 3 chini ya Hayley. Kompresa ya kundi zima isizidi dB 2, maana ikizidi utawasikia wakivuta pumzi wote kwa pamoja.

Kinubi_Kavu
Sasa mkiwahesabu na hao, peke yake iko wapi?