Tupeane uzoefu: gharama za kumtibu mbwa mdogo mwenye ugonjwa wa ini

Ndugu wanachama, salaam. Mbwa wangu jike, chotara wa Maltese mwenye uzito wa kilo 4, aligundulika wiki tatu zilizopita hapa Dar es Salaam kuwa ini lake halifanyi kazi ipasavyo. Siku ya kwanza pekee, yaani kumwona daktari wa mifugo, kupima damu, ultrasaundi na dripu, nililipa shilingi 210,000, na tangu hapo kila tukitakiwa kurudi ninahesabu pesa kwanza. Ninaomba waliopitia hali hii waeleze walilipia nini na waliacha nini. Anayetaka kuniambia kwamba huyo ni mbwa tu ninunue mwingine, namwomba apite. Hayo nimeshaambiwa na shemeji.

*Mchangiaji wa Morogoro*

Pole sana, dada. Wangu alikuwa Yorkshire Terrier aliyedumaa tangu utotoni, na kila akila nyama alikwenda kusimama kwenye kona ya jiko, kichwa amekigandamiza ukutani, hata jirani akasema karogwa. Daktari alieleza kwamba baadhi ya mbwa wadogo wa aina hiyo huzaliwa na mshipa unaoipitisha damu kando ya ini, hivyo amonia itokanayo na protini haisafishwi, bali hufika kwenye ubongo. Kipimo kilichotupa mwelekeo ni cha asidi za nyongo, damu ikichukuliwa kabla ya kula na tena saa mbili baada ya kula.

Upasuaji wa kuubana mshipa huo upo, lakini sikuwa na uwezo nao, nami nilimtajia daktari waziwazi kiasi ninachoweza kutoa kwa mwezi. Nilichelewa kusema hivyo kwa sababu ya aibu, na aibu hiyo ilinigharimu ultrasaundi ya pili ambayo haikubadilisha dawa hata moja. Baada ya hapo aliniandikia laktulosi, ile dawa ya maji ya kulainisha choo inayouzwa katika maduka ya dawa za binadamu, pamoja na antibayotiki ya bei nafuu. Dozi alipanga yeye, nami nilimnywesha kwa bomba la sindano lisilo na sindano, tukiiongeza au kuipunguza hadi choo kikawa laini kama uji mzito. Nyama nyekundu tuliiacha. Akawa anakula wali laini na yai, kidogo kidogo, mara nne kwa siku. Aliishi miaka minne zaidi.

*Mchangiaji wa Machakos*

Kwangu ugonjwa ulitoka kwenye gunia. Nilinunua unga wa mbwa uliosagwa kutokana na mahindi yaliyoota ukungu, nikifurahia kwamba ni rahisi, na baada ya majuma machache mbwa wawili wakaanza kutapika, fizi na weupe wa macho ukageuka manjano. Ilikuwa aflatoksini, ambayo ndugu wa Tanzania huiita sumukuvu, nasi wa Ukambani hatuna udhuru wa kutoijua, kwa kuwa mwaka 2004 iliua watu 125 mashariki mwa Kenya. Kuupika unga huo hakuiondoi sumu. Mbwa mkubwa alikufa siku ya tatu. Mdogo alipona kwa dripu za siku tano, na deni nililimaliza kwa awamu nne kupitia M-Pesa, kwa makubaliano yaliyoandikwa.

*Mchangiaji wa Arusha*

Mimi nitaongeza moja: mfanyakazi wetu alimhurumia mbwa mwenye homa akampa panadoli mbili, na ini likaharibika. Sasa dawa za nyumbani tunazifungia kabatini.

*Mwanzisha mada*

Asanteni. Asubuhi nimempigia daktari nikamtajia kiasi changu kwa mwezi, naye ameahirisha ultrasaundi iliyokuwa Ijumaa na kuweka kipimo cha asidi za nyongo mahali pake. Nami gunia la unga wa mbwa wangu lililokuwa stoo nimelifungua: chini kabisa lina ukungu wa kijani.