Siku aliyofariki baba ndiyo siku aliyozaliwa binti yangu. Mngefanyaje?

Kitindamimba

Wakuu, naombeni mawazo. Anayetaka kucheka acheke tu, sitakasirika.

Baba yangu alifariki Alhamisi, 9 Novemba 1989, jioni. Nilikuwa mdogo, wa mwisho kuzaliwa. Vilio sivikumbuki sana. Ninachokumbuka ni redio. Kesho yake asubuhi watu wamejaa ndani, baba mdogo akaifungua kwa sauti ya chini akisubiri tangazo la kifo. Kabla ya tangazo ikaja taarifa ya habari: Ukuta wa Berlin, uliowatenga Wajerumani wa Mashariki na wa Magharibi, umefunguliwa, watu wanavuka, wanakumbatiana na wasiowajua. Mzee mmoja akasema, "Afadhali wapo wanaocheka leo." Baba mdogo akaizima. Kichwani mwangu baba na ukuta vikawa vimeanguka pamoja, na hadi leo sijaweza kuvitenganisha.

Tangu hapo siku hiyo haikuwa yetu peke yetu. Kila baada ya miaka mitano au kumi dunia nzima inatukumbusha: 1999, 2009, 2019, vijana wale wale juu ya ukuta na nyundo zao. Mama huzima televisheni. Simu hapokei mpaka giza liingie. Ikiangukia Alhamisi, kama 2017 na 2023, huwa mzito zaidi. Nadhani moyoni anaihesabu siku ya juma kuliko tarehe.

Sasa, 9 Novemba 2014, Jumapili, mke wangu akajifungua binti. Tuliambiwa tumtarajie mwisho wa mwezi, mwenyewe hakusubiri. Jioni hiyo Berlin walikuwa wanaadhimisha miaka 25: walipanga maelfu ya maputo yenye taa kufuata njia ulimopita ukuta, kilomita 15 hivi, kisha wakayaachia yapae moja baada ya jingine. Niliyaona kwenye televisheni ya wodini nikiwa nimempakata. Nililia na kucheka kwa mpigo, nesi akaniletea kiti.

Miaka yote tumepita kimya kimya. Sherehe ndogo chumbani kwetu, mama kajifungia kwake. Mwaka huu mtoto anatimiza 12, siku ni Jumatatu, na anataka rafiki zake waje nyumbani. Dada yangu anasema tusogeze hadi Jumamosi. Baba mdogo anasema kusogeza ni kumwambia mtoto kwamba siku yake ina mkosi.

Nimeisoma sana tarehe hii, pengine kupita kiasi. Wajerumani nao walikwama papa hapa. 9 Novemba 1918 jamhuri ilitangazwa. 1923 Hitler akajaribu kupindua serikali kule Munich akashindwa. 1938 masinagogi yakachomwa moto na maduka ya Wayahudi yakavunjwa usiku kucha. Halafu 1989, furaha. Walipotafuta sikukuu ya taifa wakaona hawawezi kushangilia juu ya 1938, wakachukua 3 Oktoba, siku nchi mbili zilipoungana mwaka 1990. Taifa zima limeikwepa tarehe hii, mimi ni nani?

Tarishi

Sogeza mkuu, mbona rahisi. Na kama unataka mfano mkubwa, mfalme Edward VII wa Uingereza alizaliwa tarehe hiyo hiyo yako, 9 Novemba, mwaka 1841. Akaona Novemba kwao ni baridi na mvua, gwaride la siku yake ya kuzaliwa likafanywa kiangazi. Mpaka leo mfalme wao ana siku mbili: aliyozaliwa na ile ya gwaride la Juni. Charles naye ni wa Novemba, tarehe 14, na anapigiwa gwaride Juni. Mfalme kasogeza kwa sababu ya mvua tu, wewe una sababu nzito zaidi.

Kitindamimba

Haha, hiyo ya Edward sikuijua, na mimi nilidhani nimeimaliza tarehe hii! Nitampelekea dada.

Mzee wa Pembeni

Mwanangu, umesoma vizuri lakini umeishia katikati. Wajerumani hawakuikimbia 9 Novemba. Waliikataa isiwe siku ya mapumziko na shangwe, hilo kweli. Lakini kila mwaka tarehe hiyo wanaikumbuka, asubuhi mashada ya maua kwa ajili ya 1938, jioni watu wale wale wanazungumzia ukuta. Siku moja, mambo mawili, na hakuna anayeambiwa achague. Kwa hiyo mfano wako unamsaidia baba mdogo kuliko dada.

Jingine dogo. Unasema ukuta na marehemu vilianguka pamoja. Yule msemaji wa Ujerumani Mashariki, Schabowski, alitamka ile habari ya watu kuruhusiwa kusafiri karibu saa moja jioni ya Berlin, na kizuizi cha mpakani cha Bornholmer Strasse kilifunguliwa yapata saa tano na nusu usiku. Kwa aliyeko nchi ambayo saa zake ziko mbele ya Berlin kwa saa mbili, hiyo tayari ni tarehe 10. Kama baba yako alifariki jioni, alitangulia. Sisemi hili likusaidie kitu, nasema tu kwa kuwa umelibeba muda mrefu na pengine hujawahi kupiga hesabu.

Kitindamimba

Shikamoo mzee. Sijawahi kupiga hiyo hesabu. Nimekaa nayo hapa kidogo.

Hesabu za Mwezi

Nyumbani kwetu tunamkumbuka mama kwa mwezi mwandamo. Mwaka wa mwezi una siku 354 au 355, kwa hiyo kumbukumbu yake inarudi nyuma siku 10 au 11 hivi kila mwaka wa kawaida. Imeshapita kwenye mvua, kwenye jua, kwenye mitihani ya watoto, mwaka mmoja ikagongana na kumbukumbu ya ndoa yangu, uliofuata ikawa imeshaondoka. Inachukua miaka 33 hivi kurudi ilipoanzia. Kwa hiyo msiba wetu haujawahi kumiliki tarehe ya mtu.

Na hizo tarehe za kizungu msizione ni mawe. Mapinduzi ya Oktoba ya Urusi yalikuwa yakisherehekewa 7 Novemba, kwa sababu kalenda yao ya zamani ilikuwa nyuma siku 13. George Washington alizaliwa 11 Februari 1731 kwa hesabu ya wakati ule, kalenda ilipobadilishwa ikawa 22 Februari 1732. Mtu yule yule, tumbo lile lile. Ukisogeza siku tano hakuna litakaloharibika.

Tarishi

Nakubaliana na mwezi. Jumamosi.

Dada Subira

Mnaongea kalenda tu. Mimi ndiye huyo binti.

Nilizaliwa siku aliyofariki kaka yangu, mwaka mmoja baada yake. Wazazi wakaisogeza yangu mbele siku mbili. Hawakuniambia. Shuleni najaza fomu, naandika tarehe ya kusogezwa kwa mwandiko wangu mzuri kabisa, mpaka nilipohitaji cheti cha kuzaliwa kwa ajili ya mtihani nikakuta tarehe nyingine. Nikadhani karani kakosea. Nilimpelekea mama kwa kujiamini, akakaa chini.

Sikuchukia kusogezwa. Tarishi ana haki, ni sherehe tu. Kilichoniumiza ni kwamba kila mtu alijua isipokuwa mimi. Shangazi walikuwa wakija siku hiyo, wananitazama, halafu wanakatisha maneno. Mtoto anaona. Nilikuwa na umri kama wa binti yako, na kwa miaka niliamini kuna kitu nimekifanya.

Halafu kuna hili, ambalo bado linanikera hadi leo: kaka yangu namjua kwa siku aliyokufa. Basi. Najua saa, najua nani alikuwepo, najua mvua ilinyesha. Sijui kama alikuwa mchokozi. Sijui alikuwa anaogopa nini. Tumemkumbuka kila mwaka bila kumkumbuka yeye.

Binti yako anajua nini kuhusu babu yake, mbali na mlango wa bibi uliofungwa? Na babu alizaliwa lini? Mbona tarehe hiyo haimo kwenye hadithi yako yote?

Kitindamimba

Dada Subira, ahsante, ingawa umenichoma.

Tarehe ya kuzaliwa ya baba hatuna. Hati zake zinasema 1 Januari, na kila anayejua mambo ya hati anajua hiyo ni tarehe ya karani: mtu hajui siku, anaandikiwa ya kwanza. Hata mwaka mama huutilia shaka. Hakuacha tarehe ya harusi pia, walioana nyumbani, hapakuandikwa kitu. Kwa hiyo katika maisha yake yote tarehe yenye uhakika ni moja, nayo ni ya kufa. Labda ndiyo maana naona uzito kuigusa. Nikiiondoa hiyo, abaki na nini kwenye kalenda?

Kuhusu binti: anajua kwamba babu alifariki siku hiyo, tulimwambia. Anajua alikuwa mrefu. Ninapoandika naona kwamba ni hayo tu.

Hesabu za Mwezi

Hapo umenipata. Kama ni tarehe pekee aliyonayo marehemu, mimi naondoa kura yangu ya kusogeza.

Mzee wa Pembeni

Umewauliza wageni wa humu, dada, na baba mdogo. Mama mwenyewe umemuuliza?

Kitindamimba

Mzee, sikuwa nimemuuliza. Nilienda jana baada ya kusoma hapa. Nilianza kwa kuzunguka zunguka, akanikatisha: "Unataka kuniuliza kuhusu mtoto, uliza."

Akasema hivi. Kwamba simu hapokei kwa sababu wanaopiga siku hiyo wanapiga kumpa pole, na pole ya miaka yote hii imemchosha; kila anayempa inabidi yeye ndiye amtulize. Kwamba mlango anaufunga kwa kuwa sisi wenyewe, tukifika, tunaanza kunong'ona. Alidhani tunataka awe peke yake. Televisheni anaizima kweli kwa sababu ya ule ukuta, hilo nililipatia: anasema hapendi kuona watu wanapanda juu ya kitu na nyundo, ataanguka mtu. Nilicheka, akanitazama kwa ukali, yeye hakuwa anatania.

Kuhusu Jumamosi alisema, "Mkimhamisha mtoto, na mimi mnihamishe." Sikuelewa maana yake na sikuthubutu kuuliza.

Halafu nikamuuliza swali la Dada Subira, baba alikuwa mtu wa namna gani. Nilitegemea anyamaze. Akaongea mpaka taa zikawashwa. Baba alikuwa anaibia kwenye karata. Anaibia waziwazi, na ukimkamata anakataa. Alikuwa anaogopa paka. Alikuwa na mazoea ya kumsomea mama gazeti kwa sauti, na habari asiyoipenda anaibadilisha hapo hapo, kwa hiyo kuna mambo kadhaa ya historia ya dunia ambayo mama aliyajua vibaya kwa miaka.

Nimewaza huo ukuta angeusomaje.

Dada bado hajakubali. Anasema mama anaongea hivyo leo, tusubiri siku yenyewe ifike. Anaweza kuwa sahihi. Lakini nimemwambia binti awaalike wenzake tarehe 9, na bibi ataleta karata.

Dada Subira

Karata na watoto wa miaka 12, wakati mwalimu ni mjane wa mwizi wa karata. Ningelipa kuwepo.

Tarishi

Sawa, Jumatatu basi, nimeshindwa. Ila wageni waondoke mapema, kesho yake ni shule.