Uzoefu wa mwalimu una uzito gani katika kuchagua shule ya msingi?

Swali (Mama wa Darasa la Kwanza):
Wazazi na walimu, habari zenu. Binti yetu ataanza darasa la kwanza mwakani, nasi tumebakiwa na shule mbili. Moja ina walimu waliofundisha zaidi ya miaka kumi, lakini madarasa yake yamejaa. Nyingine ina watoto wachache kwa kila darasa, ila walimu wake wengi ndio kwanza wanaanza kazi. Mume wangu anataka uzoefu utangulie. Mimi sijakata shauri, kwa sababu sijui miaka hiyo inamsaidia nini hasa mtoto anayejifunza kusoma.

Mwalimu Mstaafu:
Mama, mwalimu hubadilika zaidi katika miaka michache ya mwanzo, anapojifunza kutuliza darasa na kupanga muda wa kipindi. Baadaye huendelea kukua, lakini polepole, kwa hiyo sioni sababu ya kumpendelea mwenye miaka 20 kuliko mwenye 8 kwa hesabu hiyo pekee. La muhimu zaidi, uliza miaka hiyo ameitumia katika darasa lipi. Kumfundisha mtoto kuunganisha herufi na sauti kuna ujuzi wake, na mwalimu aliyedumu darasa la kwanza hutambua mapema mtoto anayekariri ukurasa badala ya kuusoma, jambo ambalo aliyezoea darasa la sita anaweza kulipita bila kuliona.

Baba wa Watatu:
Naungana na Mwalimu, ila idadi ya watoto nayo isidharauliwe. Katika jaribio lililoanza mwaka 1985 jimboni Tennessee, Marekani, wanafunzi na walimu waligawiwa madarasa kwa bahati nasibu, na watoto wa madarasa ya 13 hadi 17 walifanya vizuri kuliko wa madarasa ya 22 hadi 25. Hata hivyo, uchambuzi uliochapishwa mwaka 2011 ulionyesha kwamba wale waliofundishwa chekechea na mwalimu mwenye uzoefu wa zaidi ya miaka kumi walikuja kupata kipato kikubwa zaidi ukubwani. Mama na mumewe, basi, kila mmoja ana hoja.

Mjumbe wa Kamati ya Shule:
Mimi ningeanza na swali jingine: walimu wanakaa? Utafiti wa shule za New York uliochapishwa mwaka 2013 ulikuta kwamba pale walimu walipohama sana, alama za wanafunzi zilishuka, hata za wale ambao mwalimu wao hakuondoka. Muulize mwalimu mkuu ni wangapi waliondoka mwaka jana, na nani anawalea wale wapya. Mwalimu kijana mwenye mlezi wa karibu simwogopi. Aliyeachwa peke yake namwogopa.

Mama wa Darasa la Kwanza:
Ahsanteni sana. Tutaomba kukaa nyuma ya darasa la kwanza katika shule zote mbili wakati wa kipindi cha kusoma, kisha tumwone mwalimu mkuu na maswali haya.