Dell OptiPlex 9020 SFF ya steshenari, nina 250,000: nianze na nini?

Kibanda cha Picha

Wakuu, habari za kazi. Nina Dell OptiPlex 9020 SFF, lile kasha dogo. Prosesa i5-4570, RAM (kumbukumbu ya muda) 4GB kijiti kimoja, hadi diski (hard disk) 500GB, Windows 10. Inafanya kazi ya kuchapa, picha za pasipoti kwenye Photoshop, na sasa wateja wanaleta video za simu za sherehe nizikate na kuziunganisha. Nikiiwasha inachukua dakika tano mpaka itulie. Task Manager inaonyesha diski 100% na RAM 3.6 kati ya 3.9.

Fundi anasema dawa ni kadi ya grafiki, GTX 1050 Ti yenye feni mbili. Bei nilizopewa Kariakoo: SSD (diski isiyozunguka) ya SATA 256GB 70,000, RAM DDR3 8GB 40,000, prosesa i7-4770 110,000, kadi ya grafiki Quadro P620 170,000. Nina 250,000 na mwezi huu haiongezeki. Nianze na nini?

Fundi Bodi

Mkuu, jibu umeshaliandika mwenyewe kwenye ile Task Manager. RAM ikijaa, Windows inahamishia mzigo kwenye diski. Diski yako ni ya sahani inayozunguka, kichwa chake kinahangaika huku na huku kufuata vipande vidogo vidogo, kwa hiyo foleni haiishi. Kadi ya grafiki haigusi lolote kati ya hayo. Nunua SSD moja na vijiti viwili vya RAM vya 8GB: 150,000 imetoka, 100,000 imebaki.

Kwenye RAM ndiko watu wanakopigwa. Soma stika ya kijiti: iandikwe PC3-12800U au PC3L-12800U. Ile U ya mwisho ndiyo muhimu. Ukikuta R ni ya seva. Ni rahisi kwa bei lakini kwenye bodi hii mashine haitawaka. Kuna pia vijiti vya DDR3 8GB vinavyouzwa kwa mashine za AMD tu, navyo viache. Bodi ina sloti nne, kila moja inabeba mwisho 8GB, jumla 32GB. Jaza namba 1 na 2 kwanza ili zifanye kazi kwa jozi. Grafiki za ndani za i5 hazina kumbukumbu yao, zinakopa RAM hiyohiyo; kijiti kimoja kinatoa 12.8GB kwa sekunde, viwili 25.6. Hakikisha kwa programu ya CPU-Z, sehemu ya Memory isome Dual (matoleo mapya huandika 2 x 64-bit). Ukiona Single au 1 x 64-bit, umekosea sloti au kijiti hakijakaa: sukuma mpaka vishikio vijifunge vyenyewe pande zote.

SSD chukua ya inchi 2.5 ya SATA. Usiuziwe ya NVMe, bodi hii haina sehemu ya M.2 ya kuichomeka.

Windows ipige upya kwenye SSD, usinakili ile ya zamani na uchafu wake. Kabla ya kuanza chomoa kebo ya hadi diski ya zamani, la sivyo Windows inaweza kuweka faili za kuwakia kule, na siku diski ile ikifa SSD nayo haiwaki. Bonyeza F2 uingie BIOS (mipangilio ya bodi), nenda SATA Operation, namna bodi inavyozungumza na diski. Dell hizi nyingi zinakuja kwenye RAID On; weka AHCI sasa, kabla ya kupiga Windows. Ukibadilisha baadaye utapata skrini ya buluu kila ukiwasha. Kisha F12, chagua flashi yenye Windows kwenye orodha ya UEFI. Ukimaliza, zima, rudisha kebo ya hadi diski, na ile 500GB iwe ghala la kazi za wateja.

Volti12

Naunga mkono, ila niongeze kuhusu hiyo 1050 Ti kabla hujaagiza. Haiingii. Kasha la SFF linapokea kadi fupi kwa kimo tu, na yenye kuchukua nafasi mbili mara nyingi inagonga pawa saplai. Pawa saplai yenyewe ni ya 255W na haina waya wa kulisha kadi. Plagi ya pini 8 utakayoiona ikiingia kwenye bodi ni ya Dell yenyewe, haifanani kazi na ile ya kadi za grafiki. Wapo wanaounga waya wa SATA kwenda kwenye kadi kwa adapta. Usikubali. Waya za diski kwenye 9020 zinatoka kwenye bodi, siyo moja kwa moja kwenye pawa saplai, na utakachounguza ni bodi.

Siku ukipata hela, kaa kwenye kadi za 50W kushuka zinazokula umeme wa sloti pekee. P620 inakula 40W, ni nyembamba, ina 2GB na ina injini ya kutengeneza video, jambo ambalo GT 1030 haina kabisa. Muulize muuzaji mambo mawili: kama ina bati fupi la nyuma (bati refu halifungi kwenye kasha hili), na kama ina adapta, kwa sababu matundu yake ni mini DisplayPort. Mashine za mitumba zikiwa zinauzwa na GTX ya bei ya kutupa, fungua programu ya GPU-Z kabla ya kulipa. Kadi za zamani zilizobandikwa jina jipya inaziandikia FAKE mwanzoni mwa jina.

Halafu kuna kitu cha bure. Grafiki za HD 4600 zilizo ndani ya i5 yako zinasaidia kikamilifu video zilizobanwa kwa H.264, lakini kwa zile za HEVC hazina uwezo kamili, mzigo mkubwa unaangukia kwenye prosesa, ndiyo maana zinakwama ukizivuta mbele na nyuma. Anayerekodi kwa iPhone mwambie aende Settings, Camera, Formats, achague Most Compatible. Zilizokwisha rekodiwa zigeuze kwa programu ya HandBrake kwenda H.264 usiku, asubuhi uzikate.

Kibanda cha Picha

Nimewaelewa vizuri sana. Mawili yamebaki. Hiyo 100,000 nikijazia kidogo niweke i7? Na SSD itakaa wapi, maana nafasi ya diski ni moja na ina diski tayari?

Nukta Tatu

i7-4770 ina kori nne kama i5 yako, ila nyuzi (threads) 8 badala ya 4. Utaiona wakati wa kutoa video iliyokamilika, kwenye Photoshop ya picha za pasipoti hutaiona. Ingoje. Ukiichukua baadaye, zote ni 84W kwa hiyo hitisinki (kipoza prosesa) ileile inatosha. i7-4790 nayo inakaa, lakini sasisha BIOS ukiwa bado na i5 ndani.

Hata bila i7, badilisha pesti ya prosesa (ile inayopitisha joto kwenda kwenye hitisinki) sasa. Mashine za 2013 pesti yake imeshakuwa unga. Washa dakika tano ili ilainike, zima, chomoa umeme, legeza skrubu za hitisinki kwa msalaba, kila moja kidogo kidogo. Usiinue kwa nguvu. Zungusha kushoto na kulia mpaka iachie. Futa kwa kitambaa na spiriti, weka pesti kiasi cha punje ya choroko katikati, funga kwa msalaba uleule. Ukitoa prosesa, pini ziko kwenye soketi. Usiziguse hata kwa kitambaa, moja ikipinda sloti ya RAM inaweza kufa. Badilisha na betri ya CR2032 kama saa inarudi nyuma.

Fundi Bodi

SSD haina kitu kinachozunguka, kwa hiyo ibandike kwa gundi-tepu ya pande mbili kwenye bati lililo karibu na DVD, mbali na feni. Angalia waya wa umeme kama una kichwa cha ziada kipana. Kile cha DVD ni chembamba, hakiingii kwenye SSD. Kama hakuna, nunua kigawanyio cha SATA chenye vichwa vinavyofunguka nyuma. Vile vilivyomiminwa plastiki nzima waya zake zinaweza kugusana ndani na kuyeyuka.

Kuhusu Windows 10: masahihisho ya kawaida yalikwisha 14 Oktoba 2025, na Windows 11 haikubali rasmi prosesa ya kizazi cha nne wala TPM 1.2 (chipu ya usalama) iliyomo. Jiandikishe ESU (masahihisho ya ziada ya usalama) kwenye Windows Update, inakufikisha Oktoba 2026. Kompyuta inayopokea flashi za watu kutwa nzima isikae bila hiyo.

Ukiwa bado na risiti mkononi, pitisha SSD kwenye programu ya H2testw ukiwa hujaweka kitu, ikuambie kama 256 ni 256 kweli, na uache RAM kwenye programu ya kuipima, MemTest86, mizunguko minne. Kosa moja jekundu likitokea, jaribu kijiti kimoja kimoja kwenye sloti ileile, na kitakachorudia kosa kirudishe dukani siku hiyohiyo.