Mbwa wangu ana kisukari, homa ya kupe, mwasho na baridi yabisi: dawa ya huku inaharibu kule

BabaDoa, Muyeye, Malindi

Hamjambo wenzangu. Naomba mnisome mpaka mwisho, maana nimefika mahali sijui tena nishike lipi niache lipi.

Nina mbwa jike, jina lake Doa. Ana miaka 9, uzito kilo 18. Nilikuwa bawabu wa nyumba moja kule Casuarina, mwenyewe Mwitaliano. Mzee yule alipouza nyumba akarudi kwao, mbwa akabaki langoni. Tajiri mpya hakumtaka. Nikamlaza kwenye tenga la samaki nyuma ya baiskeli, nikaja naye Muyeye. Ni miaka 6 sasa. Usiku ule wa kwanza alilala miguuni pa mwanangu mdogo, na mpaka leo pale ndipo pake.

Oktoba mwaka jana alianza kunywa maji kupita kiasi. Sufuria ya lita 3 anaimaliza kabla ya adhuhuri, na akawa anakojoa usingizini, yeye ambaye hajawahi kuchafua ndani. Anakula sana lakini mbavu zinahesabika. Daktari wa mifugo akamchoma ukingo wa sikio, akaweka tone kwenye kipima sukari: 26, juu kupita kiasi. Tangu siku hiyo nampiga insulini, ile ya watu yenye rangi ya maziwa, yuniti 6 saa kumi na mbili asubuhi na yuniti 6 saa kumi na mbili jioni. Asubuhi si kazi, mke wangu huwa macho tangu saa kumi akichoma mahamri ya kuuza, taa iko na watu wako. Doa anakula kwanza, mimi nampiga akiwa bado kichwa kiko ndani ya bakuli. Nainyanyua ngozi ya juu ya bega kwa vidole viwili, sindano inakataa kidogo, kisha ngozi inakubali. Hageuki hata kunitazama. Chupa ya insulini naiweka kwa jirani yangu, Bi anayeuza barafu za ubuyu, kwa kuwa sisi hatuna friji. Nimeifunga ndani ya kikopo chenye kifuniko ili mwenyewe asipate wasiwasi na kitu cha mbwa ndani ya friji yake, na amekubali kwa moyo safi.

Yangekuwa hayo tu ningeshukuru. Lakini Januari homa ya kupe ilimrudia mara ya tatu. Pua ikavuja damu, ufizi ukapauka ukawa na vidoadoa vyekundu. Akapewa doksisaiklini, dawa ya kuua bakteria. Akapata nafuu, hamu ya kula ikarudi. Kisha joto la Februari likaja na mwasho. Tumbo jekundu, anajikuna mpaka damu, usiku kucha nasikia makucha kwenye ngozi. Nilimpeleka mahali, sitapataja, wakanipa prednisoloni. Niliwaambia ana kisukari, sijui kama walinisikia. Siku ya pili mwasho kwisha. Lakini sukari iliyokuwa imeshuka mpaka 14 ikapanda 29, na ile sufuria ya maji ikarudi. Sasa ni wiki ya tatu anaimeza hiyo prednisoloni.

Nyuma ana baridi yabisi kwenye nyonga. Akiamka huinuka kwanza mbele, anasubiri, ndipo miguu ya nyuma inafuata. Muuzaji wa duka la dawa alitaka kunipa diklofenaki za watu, moyo wangu ukakataa. Na macho yameanza kuwa meupe kama maji ya mchele. Juzi alijigonga kwenye mbuzi ya kukunia nazi, akasimama pale pale anatetemeka, hajui ni nini kilichompiga.

Swali langu ni hili. Mwasho nitautuliza kwa nini kisichopandisha sukari? Maumivu ya nyonga je? Na kuna watu hapa mtaani wananiambia napoteza dawa za binadamu kwa mbwa. Hilo nalo linaniumiza, kwa sababu nanunua kwa pesa yangu ya halali.

MzeeMifugo, Kilifi

Mwanangu, pole. Nimefanya kazi ya mifugo miaka 31, ng'ombe zaidi kuliko mbwa, lakini mengi yanafanana.

La kwanza kabla ya yote: usiikate prednisoloni ghafla. Mwili uliozoeshwa wiki tatu huacha kutengeneza homoni yake wenyewe inayofanana na dawa hiyo, ukiikata leo anaweza kuanguka. Rudi kwa yule daktari wako aliyempima sikio, umwambie unataka kuishusha kidogo kidogo, yeye akupangie. Ni kweli inapandisha sukari, hujakosea kuiona.

La pili, nataka uniambie unamwogesha nini kwa ajili ya kupe. Chukua chupa usome jina la dawa yenyewe, si jina kubwa la mbele. Ikiwa ni amitrazi, ile ya kuogeshea ng'ombe, iache leo. Ni dawa nzuri ya kupe lakini nayo inapandisha sukari, na mbwa wa kisukari hapaswi kupakwa. Ziko tembe za kutafuna na dawa za kudondosha mgongoni ambazo hazina shida hiyo. Mweleze daktari kama mbwa aliwahi kupata degedege, maana baadhi ya tembe hizo hazimfai mwenye degedege.

Tena kupe huyu wa mbwa, yule wa kahawia, haishi porini kama wa ng'ombe. Anaishi nyumbani kwako. Jike akishiba hushuka, hupanda ukutani, hutaga mayai kwa maelfu kwenye nyufa. Ndiyo maana homa imerudi mara tatu. Kama kuta zako ni za mawe ya matumbawe au udongo, ziba nyufa kwa chokaa, hasa pale anapolala. Mkeka wake uanike juani. Na hiyo doksisaiklini, je, alimaliza siku 28? Wengi huacha akianza kula tu. Mpe baada ya chakula na maji juu yake, kidonge kikikwama kooni kinaunguza.

Mwasho: mwenye kisukari ngozi yake huota bakteria na fangasi upesi. Pengine prednisoloni ilificha mwasho tu na wale wadudu wakabaki. Daktari abandike utepe wa gundi kwenye ngozi, aitazame chini ya darubini. Ikiwa ni hao, shampuu ya klorheksidini mara mbili kwa wiki, uiache povu dakika 10 kabla ya kusuuza. Hapo unaweza usihitaji kidonge kabisa. Ziko pia dawa za mwasho zisizo za ukoo wa prednisoloni, muulize.

Nyonga: dawa za maumivu za mbwa zipo, kama meloksikamu, lakini kamwe isichanganywe na prednisoloni, zikikutana tumboni hutoboa vidonda. Iishe moja, zipite siku ambazo daktari atakwambia, figo zipimwe, ndipo nyingine ianze. Diklofenaki na ibuprofeni za watu moyo wako ulisema kweli.

Na swali ambalo wengi husahau: Doa ametolewa kizazi? Jike ambaye hajatolewa, kila baada ya kipindi cha kutaka dume homoni za kizazi huizuia insulini kufanya kazi. Unaweza kufanya kila kitu sawa na sukari ikakataa.

Kuhusu wanaosema unapoteza dawa za watu, waambie insulini yenyewe ilipatikana Toronto mwaka 1921, Banting na Best wakifanya kazi juu ya mbwa. Mbwa walidungwa kwanza. Mtoto wa kwanza wa binadamu alidungwa Januari 1922.

PwaniYote

Miaka tisa ni mingi kwa mbwa, kaka. Mimi ningemwacha apumzike. Sisemi kwa ubaya.

UmmuSalim, Langoni, Lamu

Salaam aleikum. Mimi sina mbwa, huku Amu mbwa wenyewe wa kuhesabu, tuna paka na punda. Lakini mamangu amekuwa na kisukari miaka 17 na insulini yake naitunza mimi, na kuna neno moja katika maelezo yako limenishtua. Friji ya barafu za ubuyu.

Kaka, hiyo friji ya biashara huwashwa kali ili barafu ziwahi. Insulini ikiganda imekufa, hata ikiyeyuka na kuonekana nzima. Huwezi kuiponya. Toa kikopo leo, ishike chupa mbele ya mwanga, izungushe pole pole viganjani bila kuitikisa. Ile ya maziwa inatakiwa iwe sawasawa kama maziwa. Ukiona chembechembe, au utando umeng'ang'ania kioo, itupe. Mimi yalinipata. Nilimlaumu mama kwamba anakula tende kwa siri, kumbe dawa ndiyo iliyoganda nyuma ya friji. Mpaka leo nikikumbuka maneno niliyomwambia naona uchungu.

Chupa isiyofunguliwa ndiyo inayotaka friji, nyuzi 2 hadi 8. Ukishaifungua hukaa kama wiki 4 nje ikiwa joto halifiki 30. Malindi Machi linafika, basi fanya tunavyofanya sisi umeme ukikatika: chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga uliolowa, juu kitambaa kibichi, pembeni pa dirisha penye upepo. Chupa ndani ya mfuko usiopitisha maji. Usimpe Bi yule lawama, mwambie tu kwa upole. Yeye amekusaidia.

Na asali iwe karibu. Siku sukari ikishuka sana utamwona anayumba, anatetemeka, kama mlevi. Mpake asali ufizini, usimmiminie kooni, kisha mpe chakula.

Hao watoto je, hawampi mahamri?

Kijana_Watamu

Nami naongeza la bomba la sindano. Mimi nililetewa insulini ya mbwa kutoka Nairobi, ile ina yuniti 40 kwa mililita. Ya watu ina 100. Kila moja ina bomba lake. Ukivuta ya watu kwa bomba la 40 mpaka alama ya 8, umempa yuniti 20. Mimi nilifanya hivyo mara moja tu, usiku, na mbwa wangu alipata degedege sakafuni mpaka alfajiri. Alipona. Angalia bomba lako limeandikwa nini.

BabaDoa, Muyeye, Malindi

Nimerudi baada ya siku 16. Asanteni, Mzee na Ummu Salim kwanza kabisa.

Chupa ilikuwa imekufa. Niliishika mlangoni palipo na jua, kioo kizima kimeota kitu kama vumbi la unga. Bi wa barafu alisikitika kuliko mimi, akataka kunilipa, nikakataa. Sasa insulini inakaa kwenye vyungu viwili nilivyovinunua sokoni, mwanangu ndiye anayemwagia mchanga maji akitoka shule. Bomba langu ni la 100, nimehakikisha.

Dawa ya kuogeshea ilikuwa amitrazi. Nilipewa na rafiki mwenye ng'ombe, naye alinipa kwa wema. Nimeziba nyufa zote za chumba kwa chokaa, na nyuma ya mlango nilikuta kupe wamejipanga kwenye ufa mmoja kama mbegu za papai. Doksisaiklini Januari tuliacha siku ya 12. Hilo ni kosa langu na daktari ameanza upya.

Watoto walikuwa wanampa mahamri, naam. Mke wangu pia, ya kwanza kuungua. Tena Doa alikuwa akila machicha ya nazi kwa ugali. Daktari amesema mafuta hayo yaachwe, chakula kiwe kile kile, kipimo kile kile, saa zile zile: ugali kidogo, samaki wa kuchemsha bila chumvi, mchicha.

Ngozi ilikuwa na fangasi. Shampuu inafanya kazi lakini bado anajikuna usiku, si kama zamani. Prednisoloni tumefika nusu ya nusu, Ijumaa inakwisha. Ya nyonga tunasubiri figo zipimwe. Kizazi bado anacho. Daktari anataka amtoe, lakini sukari itulie kwanza na homa ya kupe iishe damuni, asije akavuja mezani. Naogopa upasuaji huo, sitawaficha.

Macho hayarudi, ameniambia wazi. Nimeihamisha mbuzi ya nazi nikaitundika ukutani, na kila kitu ndani ya nyumba sasa kina mahali pake pasipobadilika.

PwaniYote, nimekusikia, na sijakasirika. Nilimuuliza daktari swali hilo hilo. Alimtazama Doa, akaniuliza: anakuja ukimwita? Nikamwita kutoka nje ya mlango. Aliinuka mbele, akasubiri miguu ya nyuma, akaja akifuata ukuta kwa bega.

Leo asubuhi kipima kimesoma 13.