Naanza mafunzo ya usingizi Jumatatu, nianzie wapi?

mgeni_thieta: Wakuu habari zenu. Jumatatu naanza rasmi mafunzo ya kuwapa wagonjwa wa upasuaji dawa za usingizi na kusema ukweli naogopa. Wiki iliyopita nilienda kuangalia tu, senia akaniachia nijaribu kuingiza tyubu, ule mpira wa kupumulia unaopitishwa mdomoni mpaka kwenye trakea (koo la hewa), nyuzi za sauti nikaziona kabisa zile nyeupe, ile napitisha zikapotea, mikono ikaanza kutetemeka, oksijeni ya damu kwenye monita ikashuka mpaka asilimia 88 akamalizia yeye. Sasa tyubu nifanyie mazoezi wapi?

usingizi_tu: Pole dokta, na hongera pia. Tyubu iache kwanza, wiki mbili za mwanzo omba uachiwe maski. Mkono wa kushoto, gumba na cha shahada vinabana maski, vile vitatu vinakamata mfupa wa taya, mfupa sio nyama ya chini ya kidevu maana ukibonyeza pale ulimi unaziba njia, halafu unalivuta taya lije kwenye maski, usiikandamize maski usoni. Ikigoma weka eawei ya mdomoni, kile kiplastiki kinachozuia ulimi usizibe njia, ikigoma tena shika kwa mikono miwili mwenzako abonyeze begi. Ukiliweza hilo, tyubu ikishindikana unarudi kwenye maski mnajipanga upya, na huo mtetemeko utapungua kwa sababu una pa kurudi. Na kabla ya dawa mpe oksijeni 100% dakika 3 maski ikiwa imebana kweli, watu wanaishika juu juu inavuja halafu wanashangaa namba inashuka haraka.

saksheni_kwanza: Naongezea, fika mapema ukague mashine mwenyewe usiambiwe "iko sawa". Silinda ya akiba, laringoskopu (za kumulika koo) mbili zinazowaka, begi la kupumulishia kwa mkono liwe karibu, saksheni ya kunyonya matapishi iwe inavuta na iko chini ya mto mgonjwa akitapika usiitafute. Lebo ibandike palepale unapovuta dawa. Niliwahi kukuta atropini (ya kuongeza mapigo ya moyo) na suksamethoniamu (inayolegeza misuli mpaka pumzi inasimama) trei moja, zote kama maji, hakuna lebo hata moja, mpaka leo nikikumbuka roho inaniuma. Sindano isiyo na lebo tupa hata kama umeivuta wewe.

mgeni_thieta: Asanteni sana aisee. Sa tyubu ikiingia najuaje iko kwenye trakea, nasikiliza kifua?

usingizi_tu: Sikiliza ila usiishie hapo, mlio wa tumboni unadanganya. Tazama kwenye monita grafu ya kaboni dioksaidi anayotoa mgonjwa, ipande na kushuka kila pumzi, sio mara moja mbili halafu inakufa. Mstari ukilala chukulia umeingia umioni, toa, rudi maski, usianze kusema labda monita mbovu huku mgonjwa anabadilika rangi. Na ita mtu mapema, mimi naitwa hata mara kumi kwa zamu na sijawahi kuona kero. Jumatatu mwambie senia wako wazi kilichotokea wiki iliyopita, atajua akuanzishie wapi.