Tupeane uzoefu: usaili na kazi ya kuunda programu kwenye kampuni kubwa

Wakuu, habari za jioni. Wiki ijayo nina usaili wa kampuni kubwa ya nje yenye ofisi Nairobi. Kwa sasa niko Dar, kampuni ya watu tisa, nafanya kila kitu mpaka kubadilisha wino wa printa. Mliopita huko nipeni ukweli, msinipambe.

#2
Karibu kwenye mateso, mkuu. Nilipigwa chini mara mbili kabla ya kupita. Mara ya kwanza swali lenyewe lilikuwa jepesi: unapewa orodha ya namba, tafuta mbili zinazojumlika kuwa 10. Nikanyamaza kama niko kwenye mtihani wa kidato cha nne, nikaandika luupu ndani ya luupu, yaani kila namba naijaribu na kila nyingine, dakika 15 kimya. Jamaa akauliza, "Namba zikiwa elfu kumi?" Hapo ni jozi karibu milioni 50 za kujaribu. Nikabaki nimetoa macho. Kumbe unapita mara moja tu: kila namba unaitunza kwenye jedwali, ukikutana na 7 unaangalia kama 3 ilishapita. Lilinijia usiku naosha vyombo!

Mara ya tatu niliongea kama mtangazaji wa mpira. Nilikosea vilevile, ila jamaa alinisikia ninapopotelea, akanidokeza. Wanataka kusikia unavyowaza. Sisi shuleni ukiongea kwenye mtihani unatolewa nje.

#3
Usidharau raundi ya "tueleze siku uliyotofautiana na mwenzako". Mimi nilijibu sijawahi kugombana na mtu kazini, nikaona nimeonyesha adabu. Nilijimaliza mwenyewe.

Kama ni Amazon, kanuni zao 16 za uongozi zipo wazi mtandaoni, na maswali ya namna hiyo wanayajenga juu yake. Andaa visa vyako mapema, vya kweli.

#4
Niko ndani mwaka wa pili. Hayo ya jozi za namba sijayaona tena tangu niingie. Badiliko langu la kwanza kwenye programu lilikuwa mistari miwili, likachukua siku nne. Mkaguzi, yule anayesoma kazi yako kabla haijapokelewa, yuko Marekani, mimi naamka yeye analala. Akasema jina nililoipa fanksheni (kipande cha programu) halieleweki. Nikabadilisha. Kesho yake akataka na jaribio la kuthibitisha kwamba inafanya kazi. Hapo kwenu ungeshairusha kwenye seva jioni ileile.

Muda mwingi unasoma kodi (code, yaani maandishi ya programu) ya watu walioshaacha kazi. (Bibi nilipomwambia naandika kodi akajua niko TRA, mamlaka ya mapato, akaniombea sana.) Halafu kuna zamu ya kuitwa mfumo ukileta shida: wiki moja kati ya sita nalala na simu kifuani. Ikilia saa 9 usiku unaamka, unawasha kompyuta, na mtoto naye kaamka.

#5
Na mshahara, mkuu #4? Mbona hapo umeruka?

#6
Nashukuru sana wakuu. Nimeanza mazoezi ya kuongea huku naandika. Mke wangu ameshachungulia chumbani mara mbili kuona niko na nani.